Ndoa Mbele ya Afisa



Katika maswali yanayotufikia baada ya swala ya Ijumaa, moja limekithiri siku hizi. Mke Mkenya ana mume wa Ngazija, wa Unguja au wa Yemen, naye ataka mumewe akae nchini kwa haki. Au binti wa Parklands ameolewa na kijana aliyeko Uingereza, na huko wamdai athibitishe kuwa ndoa yake ni ya kweli. "Sheikh," huulizwa kwa uchungu, "tumeozwa na walii, mashahidi walikuwapo, mahari yametolewa. Wataka nini tena?"

Uchungu huo twaufahamu. Lakini yaliyomo nyoyoni ayajua Mwenyezi Mungu pekee. Afisa hajui ila alichowekewa mezani.

Katiba ya 2010 iliondoa dhulma kongwe. Kabla yake, mgeni aliyeolewa na Mkenya alikuwa na njia ya kupata uraia kwa ndoa, ilhali mgeni aliyemwoa Mkenya hakuwa nayo. Leo kifungu cha 15 hakibagui: aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka 7 ana haki ya kuomba kusajiliwa. Kabla ya hapo kuna pasi ya mtegemezi, na baada ya miaka 3 ya ndoa aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliweka masharti, na mawili ndiyo huwashughulisha watu wetu: ndoa isiwe ilifungwa kwa ajili ya kupata makaratasi, na wawili hao wawe wanaishi pamoja.

Miaka 7 huanza siku ya nikahi, lakini pasipo cheti nani ataishuhudia siku hiyo? Sheria ya Ndoa ya 2014 yaitambua ndoa ya Kiislamu na yataka isajiliwe. Hata hivyo, nikahi ngapi zafungwa sebuleni, watu wakala halua, wakanywa kahawa, wakatawanyika bila hata karatasi moja? Twamjua mama mmoja wa Kangemi aliyeolewa hivyo. Sheikh aliyemfungishia amefariki, shahidi mmoja yuko Muscat, na watoto watatu wamekwisha zaliwa. Alipotaka kumwombea mumewe, hakuwa na la kuonyesha. Ilibidi aende kwa Kadhi, na miezi ikapita akimtafuta ami yake aliyekuwa walii ili aje kutoa ushahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani yahusu kuandika deni. Tukiandika shilingi tunazokopeshana, vipi tusiandike nikahi ya binti zetu?

Lipo jambo jingine ambalo maafisa wa kigeni hawalielewi upesi, nalo ni picha. Kwetu sisi nikahi hufungwa msikitini, bibi harusi yuko kwao. Picha yaonyesha bwana harusi amepeana mkono na baba mkwe. Afisa huuliza: bibi arusi yuko wapi? Kisha huuliza wawili hao wamekuwa wapenzi kwa muda gani, naye binti aliyelelewa kwa haya hunyamaza, na kimya chake huenda kikadhaniwa ni hila. Msione haya kueleza. Andikeni barua ya kuwa posa ilipelekwa na wazee, ikajibiwa tarehe fulani, na kwamba walii humsimamia binti kwa ridhaa yake. Barua ya posa msiitupe. Ni ushahidi kuliko picha mia za ukumbini. Wekeni pia stakabadhi za pesa za matumizi, mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Nao wazazi, kabla ya kuipokea posa ya ng'ambo, ulizeni kipato. Tangu Aprili 2024, Uingereza humtaka anayemwombea mwenzi wake kwa mara ya kwanza awe, kwa kawaida, na pauni 29,000 kwa mwaka. Binti asije akaolewa kisha akangoja miaka kwa baba yake kwa jambo ambalo lingeulizwa siku ya kwanza.

Ama wale wanaotujia wakitaka "nikahi ya makaratasi" tu, waachane baada ya visa, jibu letu ni moja: hatufungishi. Ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, na mara nyingi mwanamke ndiye abakiaye na jina la talaka bila hata kuonja ndoa.

Cheti hutolewa na kadhi, sheikh au imamu mwenye idhini ya serikali. Mwulizeni idhini hiyo kabla ya siku ya nikahi. Afisi ya Msajili wa Ndoa iko Sheria House, Harambee Avenue, na Uhamiaji wako Nyayo House. Mkiitwa kuhojiwa, huenda kila mmoja akaulizwa peke yake: nani huamka mwanzo, mama mkwe aitwa nani, mara ya mwisho mlikula nini pamoja. Msikaririshane majibu. Mume wa kweli naye husahau tarehe ya kuzaliwa ya mkewe; aseme amesahau, asibuni.