Kupandwa si kushika mimba

Iwapo unaishi Umoja, Kayole au Buruburu lakini una ng'ombe watatu wanne kule nyumbani kwa wazazi, huenda umewahi kuuliza swali hili kwa simu: "Mama, yule mwekundu alipandwa lini?" Na aghalabu jibu huwa ni hili: "Mwanangu, si fahali yuko nao kila siku? Mungu akijalia atazaa."

Jibu hilo limezigharimu familia nyingi. Wewe unatuma pesa za chakula cha mifugo kila mwezi, watoto wanatazamia maziwa wakienda likizo ya Desemba, na mwaka unakatika bila ndama. Ng'ombe hula vile vile, awe ana mimba au hana.

Zamani mambo yalikuwa rahisi kidogo. Mbegu zilitoka katika kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka wa 1946, na mtaalamu wa serikali alizifikisha vijijini kwa malipo madogo. Katika miaka ya 1990 kazi hiyo ilipoachiwa watu binafsi, gharama zilipanda, na wafugaji wengi wadogo wakarudi kwa fahali wa jirani. Si vibaya. Tatizo ni kwamba mtaalamu humwachia mwenye ng'ombe karatasi yenye tarehe. Fahali haachi stakabadhi.

Kwa hivyo tarehe lazima iandikwe na mtu. Ng'ombe asiye na mimba huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, wengine 18, wengine 24, na joto lenyewe mara nyingi halifikishi siku nzima. Huwa hatulii, hulia sana, huwapanda wenzake, hutoa ute mwangavu unaovutika kama uzi, na akipandwa husimama tuli. Siku hiyo itiwe alama kwenye kalenda ya ukutani. Kisha zihesabiwe siku 18, na kuanzia hapo hadi siku ya 24 mtu amtazame ng'ombe huyo asubuhi na mapema na jioni, kwani wengi huonyesha dalili usiku au alfajiri wakati mchungaji yungali kitandani.

Asiporudia, ni habari njema. Asiporudia mara ya pili, yaani baada ya siku 42 hivi, ni njema zaidi. Hata hivyo, usikimbilie kusherehekea. Ng'ombe aliyekonda kwa njaa, au mwenye ugonjwa katika mfuko wa uzazi, huweza kukaa miezi bila kuingia joto na bila mimba yoyote. Wako pia wachache wenye mimba ambao huonyesha dalili za joto na kuwatia wenyewe wasiwasi wa bure.

Hapo ndipo daktari wa mifugo anapohitajika. Akiingiza mkono uliovikwa glavu ndefu kupitia njia ya mavi, hupapasa mfuko wa uzazi na kukueleza kama kuna kitu. Mwenye uzoefu mwingi huweza kutambua mapema, lakini kwa mfugaji wa kawaida miezi miwili hadi mitatu baada ya kupandwa ni wakati mzuri. Ita daktari siku moja awapime wote. Malipo yake ni madogo ukilinganisha na kumlisha ng'ombe mtupu kwa mwaka mzima.

Matokeo ya siku hiyo husema mengi kumhusu fahali pia. Mmoja akikutwa mtupu na wenzake wana mimba, mchunguze ng'ombe huyo. Wote wakiwa watupu, mchunguze fahali. Usiambiwe kwamba amechoka: fahali mzima mwenye afya huwatosheleza ng'ombe 20 na zaidi, labda awe anatumikia kijiji kizima. Huenda aliugua homa kali. Mbegu zake huchukua karibu miezi miwili kuundwa, kwa hivyo fahali aliyepona leo huenda bado akapanda bure kwa majuma kadhaa. Azishikwe korodani kuona kama zina uvimbe, na atazamwe miguu, maana mwenye kuchechemea hapandi vizuri.

Jambo la kuogopesha zaidi ni ng'ombe wanaorudia joto bila mpango, huyu baada ya siku 35, yule baada ya 50. Mara nyingi hiyo ni ishara kwamba mimba ilishika ikafa. Yako maradhi ambayo fahali hubeba kutoka boma hadi boma huku yeye mwenyewe akinawiri, na fahali wa kuazima ndiye msafiri mkubwa. Ukisikia pia kwamba ng'ombe wameharibu mimba zilizokomaa, ita daktari haraka, maziwa yachemshwe, na mtu asiguse kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Huenda ni brusela, nayo huwapata binadamu.

Tarehe ile ya kwenye kalenda haijamaliza kazi. Ongeza miezi tisa na siku kumi: aliyepandwa Januari 1 atazaa karibu na Oktoba 11. Rudi nyuma miezi miwili, na hiyo ndiyo siku ya kuacha kumkama ili kiwele kipumzike. Asiyejua tarehe hukama hadi siku za mwisho, kisha hushangaa maziwa yakiwa haba baada ya kuzaa.

Na ndama wakiwa majike, hesabu nyingine huanza. Wengine huingia joto kabla ya kutimiza mwaka, na fahali hajui kwamba huyo ni binti yake. Mpigie mama simu mapema, mkubaliane fahali aondoke lini na nani atamleta mwingine.