Mzazi Asiyecheka

Huko Sugoi, katika mashamba ya mahindi ya Uasin Gishu, mtoto azaliwapo majirani huja na maziwa ya mursik na maneno ya pongezi. Mama hutazamiwa kucheka. Lakini pengine moyo wake ni mzito. Humtazama mtoto asione furaha aliyoingoja miezi 9, akaona haya kusema, asije akaitwa asiye na shukrani.

Hali hiyo si dhambi wala uvivu. Baada ya kuzaa, vichocheo vya mwili hupungua ghafula, na usingizi ni haba. Akina mama wengi hulia siku za kwanza, kisha hutulia kabla ya majuma 2 kupita. Huzuni ikizidi hapo, ni ugonjwa, nao hutibika. Shirika la Afya Duniani limeeleza ya kuwa katika nchi zinazoendelea maradhi ya akili, hasa huzuni hiyo, huwapata karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua.

Basi yampasa mume aamke usiku ampakate mtoto, na mama mkwe aulize kwanza habari za mzazi. Mama akinena habari ya kujidhuru, au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake; apelekwe hospitali mjini Eldoret siku ile ile. Na mgeni mwema huja na kuni, hangoji kupikiwa chai.