Tusiogope Sindano ya Kupima Uvimbe

Yako maneno yanayosemwa sana katika vijiji vyetu vya Bariadi, kwamba uvimbe ukiguswa na chuma hukasirika, ukaenea mwilini na kumwua mtu upesi. Kwa ajili ya maneno hayo wako mama zetu wanaoficha uvimbe wa titi chini ya kanga mwaka mzima, na wako wazee wanaotoroka hospitali mara daktari atajapo sindano. Naona yafaa jambo hili tulizungumze katika gazeti letu, maana wazazi nao hulisoma, na likizo i karibu.

Kwanza tujue sindano hiyo hufanya kazi gani. Kila mtoto wa mkulima amemwona mnunuzi wa choroko au mpunga akichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji. Hafungui gunia wala hamwagi mali; hutoa punje chache za katikati, akazitazama, akajua kama ndani ni safi au mna mchanga na wadudu. Daktari naye hufanya vivyo hivyo. Uvimbe wa titi au wa shingo huchomwa sindano nyembamba, zikavutwa chembe hai chache, zikapakwa juu ya kioo, zikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Ikiwa hazitoshi, mgonjwa hupigwa ganzi, na sindano nene kidogo hutoa kipande chembamba kama uzi. Hicho ndicho watu hukiita kinyama.

Hata uvimbe uliojificha ndani hufikiwa. Ulio katika ini hutafutwa kwa altrasaundi, na ulio katika pafu kwa picha za mashine ya CT, daktari akiangalia ncha ya sindano inapokwenda. Kongosho, lililolala nyuma ya mfuko wa chakula, hufikiwa kwa mpira upitishwao kinywani, wenye altrasaundi na sindano yake. Zamani wagonjwa wengi wa namna hii walipasuliwa tumbo ili ijulikane tu wanaumwa nini.

Pengine mtu atauliza, kwa nini daktari asitazame kwa macho akatoa dawa? Jibu ni kuwa macho hudanganywa. Mitoki ya shingoni yaweza kuwa ya kifua kikuu, na yaweza kuwa ya kansa. Kifua kikuu cha namna hiyo kwa kawaida hutibiwa kwa dawa za miezi sita, tena bila malipo katika hospitali za Serikali. Kansa ina tiba nyingine kabisa. Anayetibiwa kwa kubahatisha hupoteza miezi ambayo hairudi tena.

Sasa nirudi kwa maneno ya wazee. Siwacheki, kwa kuwa wameona mtu akipimwa, na baada ya muda mfupi akazikwa. Lakini tuulize, mtu huyo alikwenda hospitali lini? Mara nyingi alikwenda baada ya kuwamaliza waganga wote, na kansa ilikuwa imekwisha kuenea kabla sindano haijamgusa. Sindano ikalaumiwa kwa kosa la kuchelewa. Sisemi kwamba haina hatari yoyote. Yaweza kutoa damu. Ikipita pafuni yaweza kuvujisha hewa. Na pengine hukosa mahali penyewe, ikabidi irudiwe. Kansa kufuata njia ya sindano kumepata kuonekana, lakini ni kwa nadra sana. Hatari hizo zote ni ndogo mno zikilinganishwa na kukaa na kansa nyumbani.

Walakini lawama yote isiwaendee wazee. Mtu wa Bariadi akiambiwa aende Hospitali ya Bugando, Mwanza, hana budi kutafuta nauli yake na ya msindikizaji wake kupitia Lamadi na Magu, na mahali pa kulala, na pengine pamba haijauzwa bado. Kwa uvimbe wa ndani sana safari hiyo haiepukiki, kwa sababu ya mashine. Lakini kwa uvimbe wa titi au wa shingo, maoni yangu ni kwamba kinyama ndicho kisafiri, mgonjwa angoje nyumbani. Vioo vilivyopakwa husafirika, na kinyama kilichotiwa katika chupa ya fomalini hakiozi.

Jambo hili si geni katika nchi za Ziwa letu. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa mataya ya watoto. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Ikiwa kinyama kiliweza kuruka kutoka Kampala hadi London wakati ule, kitashindwaje leo kupanda basi kutoka Bariadi hadi Mwanza? Nawaomba wakuu wa afya wa Mkoa wa Simiyu waitengeneze njia hiyo katika kila wilaya, na majibu yarudi kwa simu bila kukawia.

Nasi wanafunzi tuna kazi yetu. Twendapo likizo tuwaeleze mama, shangazi na bibi zetu habari za bambo na gunia; wataelewa upesi. Mwenye uvimbe asiopona tumsindikize hospitali wiki hiyo hiyo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne