Picha ya likizo bila maneno ni nusu ya picha

Likizo yetu kubwa huangukia kiangazi. Anayetoka Lubumbashi kwenda kwao Kasenga au Bunkeya husafiri na vumbi. Basi anayenunua kamera ngumu asivutwe na sifa ya kuzama majini tu. Asome alama ya IP. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Ikianza na 6, vumbi haliingii.

Lakini ugumu wa kamera hautoshi. Sisi wanafunzi wa lugha tunarudi na picha za jamaa waliosimama wima chini ya jua la saa sita, na hakuna anayejua jina la mtego wa samaki ulio nyuma yao. Tupige asubuhi au jioni, karibu, mikono ikiwa kazini. Kisha tumwombe mwenye kazi ataje kila kifaa kwa lugha yake, nasi turekodi.

Mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimweleza Johannes Fabian, kwa Kiswahili cha hapa, picha alizochora za historia ya nchi. Fabian alirekodi. Kwa hiyo leo tunazitazama tukiwa na maneno ya mchoraji mwenyewe.

Asiye na fedha za kamera aifunge simu yake katika kitambaa safi, aende nayo. Inapiga picha na kurekodi sauti. Wazee wanaojua majina hayo hawatatungoja.