Meza ya kazi katikati ya Bunia: kijana anayetoka kambini aangalie nini?

Kando ya Boulevard de la Libération, vibanda vya kupiga mashini na kutoa fotokopi hufunguliwa mapema. Mwanafunzi analeta karatasi za kazi yake ya mwisho wa masomo. Mwingine anataka kutuma barua ya kuomba kazi kwenye shirika kabla siku haijafungwa. Fundi wa picha anatafuta mahali pa kumalizia bango la harusi. Kila mmoja anapewa dakika chache mbele ya kompyuta ya mwenye kibanda, analipa, anaondoka. Kwa vijana wengi wa Bunia, hiyo ndiyo ofisi.

Katika miji mingine kuna aina nyingine ya ofisi: ofisi ya pamoja. Ni nyumba yenye meza, umeme na intaneti, ambamo watu wasio na bosi mmoja wanafanya kazi kila mtu yake, na kugawana gharama. Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri tangu 2015, ina vyuo, ina maredio, ina wanamuziki, wapiga picha, washonaji na wachoraji wa mabango. Ofisi kama hizo zinauhitaji mji huu, na mji unazihitaji. Lakini mtu anayechagua moja asianze kwa kutazama viti na rangi ya ukuta. Swali la kwanza ni hili: je, binti anayelala kwenye hema kule Kigonze anaweza kuingia humo, kufanya kazi yake, kulipa kile alichotumia tu, na kurudi kabla ya giza? Kama jibu ni hapana, ofisi hiyo ni ya watu wachache, hata kama intaneti yake inakimbia namna gani.

Wazo lenyewe halikuanzia kwa matajiri. Mwaka 2005, huko San Francisco, Marekani, mtengeneza programu mmoja, Brad Neuberg, alichoka kufanya kazi peke yake nyumbani, akafungua mahali pa watu kuketi pamoja kwa siku chache za juma. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, iHub ilifunguliwa Nairobi mwezi wa tatu 2010, kwenye barabara ya Ngong. Waliokuwa nyuma yake ni watu wa Ushahidi, programu iliyozaliwa mwanzoni mwa 2008, wakati Kenya ilipokuwa ikiungua kwa machafuko ya baada ya uchaguzi. Wananchi walituma habari za mahali palipotokea fujo, nazo zikawekwa kwenye ramani. Kwa hiyo nyumba ile maarufu ya kazi ina mizizi katika siku za watu kukimbia makwao. Wasomaji wa Ituri hawahitaji kuelezwa siku hizo zinafananaje.

Jambo la kujifunza kutoka iHub ni jinsi ilivyogawa wanachama wake mwanzoni. Waliotaka kufuatilia habari tu walikuwa daraja moja. Waliotaka meza yao ya kudumu walilipa. Katikati yao walikuwepo vijana waliochaguliwa kwa sababu ya kazi waliyokuwa wakiifanya, nao waliingia na kutumia intaneti bila kulipa. Mlango haukuwa mmoja kwa kila mtu, na asiyekuwa na pesa hakubaki nje. Kampala ilifuata njia hiyo ya ofisi za pamoja kwa Hive Colab mwaka 2010, kisha Outbox mwaka 2012. Kinshasa ina Silikin Village, ndani ya majengo yaliyokuwa ya kiwanda cha nguo cha Utexafrica.

Bunia si Nairobi, na hakuna haja ya kujifanya. Umeme wa Budana, kwenye mto Shari, ulijengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, si kwa ajili ya kompyuta za wanafunzi, na nyumba nyingi za mji bado hazina umeme wa kutegemea. Ndiyo maana kabla ya kulipa chochote, mtu aulize: umeme ukikatika saa nne asubuhi, nini kinafuata? Kuna sola na betri, au kuna jenereta? Na mafuta ya jenereta yanahesabiwa ndani ya bei, au mteja ataombwa kuongeza? Swali hilo moja linaonyesha ukweli wa ofisi kuliko tangazo lolote.

Kisha intaneti. Mwezi wa tano 2025, serikali ilitoa ruhusa kwa Starlink kufanya kazi Kongo, baada ya kuikataza mwaka uliotangulia. Kwa hiyo kupata intaneti ya kasi hakutakuwa tena siri ya ofisi moja. Bora kujaribu: kuingia mchana, wakati watu ni wengi, na kutuma faili nzito. Ofisi inayokataa jaribio la nusu saa ina kitu inachoficha.

Jambo la tatu halisemwi sana, lakini kwa familia zilizokimbia ni kubwa kuliko yote: siri za karatasi. Kijana anayeomba kazi anaacha kwenye kompyuta ya kibanda barua yake, picha ya kadi yake ya uchaguzi, namba yake ya simu, jina la kijiji alichozaliwa. Katika Ituri, jina na kijiji vinasema mengi juu ya mtu, na kuna watu waliopoteza nyumba na ndugu kwa sababu ya mambo hayo. Karatasi hizo hubaki pale, wateja wengine wanazifungua. Ofisi nzuri ni ile ambayo mtu anaingia kwa jina lake la siri, anafuta alichoandika, na ana kabati lenye kufuli. Asiyekuwa na kompyuta yake asilazimike kuuza siri zake ili apate ya kukodi.

Halafu kuna bei na saa. Bei ya mwezi inamfaa mwenye mshahara. Familia inayoishi kwa mgao na kibarua haiwezi kutoa pesa za mwezi mzima kwa mkupuo mmoja, hata kama mwishoni ni nafuu. Kulipa kwa saa, hata kwa nusu saa, kupitia M-Pesa au Airtel Money au Orange Money, ndiko kunakomfungulia mlango. Na ofisi inayojisifu kwamba haifungi mpaka usiku ijiulize mteja wake anarudi vipi. Kwa aliye na nyumba karibu na soko kuu, saa mbili usiku ni mapema. Kwa anayerudi kambini, ni hatari, na pesa za pikipiki za jioni zinaweza kumeza faida ya siku nzima. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Afadhali kufungua saa kumi na mbili asubuhi.

Wapo wanaosema: kwa nini kuwasumbua watu waje mjini? Mashirika yapeleke kompyuta kambini. Hoja hiyo si mbaya. Inapunguza njia, na mama mwenye mtoto mchanga hawezi kuzunguka kila siku. Lakini haitoshi. Kambi ya ISP ina watu kwa miaka mingi sasa, na imebeba jina la chuo cha walimu ambacho iko karibu nacho. Watoto waliofika pale wakiwa wa shule ya msingi leo ni vijana. Wamezoea kila kitu kuletwa: maji, turubai, mafunzo ya siku tatu. Kazi hailetwi hivyo. Anayehitaji bango, anayetafuta mtu wa kupiga picha za harusi, mchungaji anayetaka kurekodi kwaya yake, wote wako mjini. Kijana akiketi meza moja na mchoraji wa Mudzipela na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia, siku ya tatu atasikia kuna kazi imezidi mikono. Ndani ya kambi, kompyuta kumi zitamfundisha; mjini, meza moja inaweza kumwajiri.

Kuna faida nyingine. Vita vya Ituri vimetenganisha watu hata katika mambo madogo: wanapochota maji, wanaponunua chumvi, wanaposali. Mahali ambapo watoto wa jamii mbalimbali wanagawana waya mmoja wa umeme na kusubiriana kwenye mashini ya kuchapisha si mkutano wa amani, na hakuna anayehutubia. Lakini wanajuana kwa kazi, na mtu aliyekutengenezea faili yako iliyoharibika ni vigumu kumwona adui.

Basi wanaofungua ofisi hizi wasisubiri kuambiwa. Waweke viti vichache vya kulipwa kwa saa, waandike bei mlangoni kwa Kiswahili, wasiulize mtu anatoka wapi kabla ya kumpa kiti. Mashirika yanayolipia semina hotelini yanaweza, kwa sehemu ndogo ya pesa hizo, kulipia saa za vijana wa Kigonze na ISP kwa mwaka mzima, pamoja na pikipiki ya kurudi. Na vijana wenyewe, kabla ya kutoa franki zao, waulize maswali haya bila aibu: umeme, intaneti, siri, bei, saa ya kurudi.

Aliyekimbia kijiji chake aliacha shamba, mbuzi, na nyumba. Ujuzi alikuja nao. Anachokosa ni mahali pa kuuweka mezani.