Presha ya Tairi Nayo Ipimwe

Alfajiri ya mwezi Desemba, Kwa Mrombo jijini Arusha, ni jambo la kawaida kuona gari dogo limeinamia nyuma kwa uzito. Buti limejaa viroba vya mchele, ndoo za mafuta ya kula na mabegi ya nguo. Juu ya keria limefungwa godoro kwa kamba. Ndani wamo watu wazima watano na watoto wawili waliopakatwa. Safari ni ya kwenda nyumbani Kilimanjaro kula Krismasi, na jina lenyewe la mtaa lakumbusha njia hiyo, maana Mrombo ni mtu wa Rombo. Kabla ya kuondoka, dereva hulipiga teke tairi la nyuma, hulibonyeza kwa kidole gumba, kisha hutamka kwa uhakika: "Upepo upo." Safari huanza.

Teke hilo halina tofauti na tabibu anayemtazama mgonjwa usoni na kumwambia kuwa presha yake ni nzuri. Hakuna mwananchi wa Arusha leo ambaye angekubali kupimwa presha ya damu kwa macho. Hata hivyo, wananchi haohao huwapandisha watoto wao katika gari ambalo presha ya tairi zake haijapimwa kwa miezi, na ambalo mzigo wake haujakadiriwa na yeyote. Hoja ya makala haya ni kwamba upepo wa tairi na uzito wa mzigo ni masuala ya afya ya jamii kama ilivyo chanjo au maji safi, na kwamba yapaswa kupimwa kwa namba, si kwa jicho.

Kwa Mrombo ni mahali panapojua uchungu wa barabara kuliko mitaa mingi ya nchi hii. Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Msingi Lucky Vincent, iliyoko Kwa Mrombo, waliondoka kwenda Karatu kufanya mtihani wa kujipima pamoja na wenzao wa huko. Basi dogo lililowabeba lilitumbukia katika korongo la mto Marera, eneo la Rhotia. Walifariki watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Wanafunzi watatu walinusurika wakiwa na majeraha makubwa, wakatibiwa kwanza katika Hospitali ya Mount Meru, kisha wakapelekwa Sioux City, Marekani, na kurejea nyumbani mwezi Agosti mwaka huo. Kuhukumu chanzo cha ajali ile si kazi ya makala haya, wala haidaiwi hapa kuwa tairi ndilo lililoiua safari ile. Linalosemwa ni hili: mtaa uliozika watoto wengi kiasi hicho una haki, na pengine wajibu, wa kuuliza maswali magumu kuhusu kila gari linalobeba watu, hata maswali yanayoonekana madogo.

Ukubwa wa tatizo haufichiki. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walipoteza maisha barabarani duniani katika mwaka 2021, na kwamba majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. William Haddon, daktari wa Kimarekani aliyepewa mwaka 1966 jukumu la kuongoza chombo cha kwanza cha serikali ya nchi yake cha usalama barabarani, aliligawa tukio la ajali katika nyakati tatu: kabla ya kugongana, wakati wa kugongana, na baada yake. Hospitali, pamoja na ujuzi wake wote, huingia katika wakati wa tatu. Daktari wa upasuaji aweza kuunga mfupa wa paja. Uti wa mgongo uliokatika hana namna ya kuuunga. Kwa hiyo, kazi kubwa zaidi ya kuokoa maisha hufanyika kabla gari halijawashwa.

Tairi hubebaje gari? Wengi hudhani kuwa mpira ndio unaobeba. La hasha, kinachobeba ni hewa iliyobanwa ndani yake. Upepo ukipungua, kuta za tairi hukunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka, yaani zaidi ya mara 500 katika kila kilomita moja ya gari dogo. Kukunjika huko huzalisha joto. Joto hudhoofisha gundi inayoshikamanisha tabaka za ndani, tabaka hubanduka, na tairi hupasuka. Mara nyingi hupasuka gari likiwa na mzigo, likiwa katika mwendo mkali na lami ikiwa imechemka kwa jua la mchana, kama ile ya uwanda wa Boma Ng'ombe. Mambo matatu hukutana: upepo mdogo, uzito mkubwa na joto. Kila moja huyazidisha makali mengine.

Dunia imekwisha kulipa gharama ya somo hili. Mwezi Agosti 2000, kampuni ya Firestone ilianza kuyarejesha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa katika magari ya Ford Explorer, baada ya matairi kubanduka barabarani na magari kupinduka. Vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na matukio hayo. Mjadala uliofuata uligusa ubora wa tairi, kiwango cha upepo, joto, mwendo na mzigo kwa pamoja. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria, na tunda lake mojawapo ni taa ya onyo kwenye dashibodi, inayotakiwa kuwaka upepo unaposhuka kwa asilimia 25 chini ya kiwango. Sababu ya kuhitaji taa ni rahisi: tairi la kisasa linalopaswa kuwa na psi 33 likishuka hadi 25, kwa macho huonekana lilelile. Teke nalo haliwezi kutambua tofauti hiyo. Magari mengi madogo yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani hayana taa hiyo. Kwa hiyo geji ndiyo macho pekee ya dereva.

Kiwango sahihi kimeandikwa katika kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi lenyewe, si kiwango cha gari. Kibandiko cha gari la Japani aghalabu kimeandikwa kwa Kijapani, lakini namba husomeka: 220 kPa ni takriban psi 32, na 240 kPa ni takriban psi 35. Kipimo huchukuliwa tairi likiwa la baridi, yaani asubuhi kabla ya safari au baada ya gari kupumzika kwa saa tatu. Dereva anayepunguza upepo njiani kwa kuwa tairi limepata moto na namba imepanda, hujiletea hatari mwenyewe, kwa sababu tairi likipoa litakuwa chini ya kiwango. Vilevile anayeshusha upepo ili gari "lisiruke" katika barabara ya vumbi, kisha akaingia lami kwa mwendo uleule, amebadilishana raha ya dakika chache na hatari ya safari nzima. Na kwa kuwa tairi zima hupoteza takriban psi moja kila mwezi bila pancha yoyote, kupima mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu ni kiwango cha chini kabisa.

Suala la mzigo nalo lina hesabu ambayo wengi hawajawahi kuifanya. Nchini Japani, uzito wa jumla unaoandikwa katika hati za gari la abiria hupatikana kwa kukadiria kilo 55 kwa kila abiria. Gari la viti vitano, kwa hesabu hiyo, limekadiriwa kubeba kilo 275. Watu wazima watano wenye wastani wa kilo 75 hufikia kilo 375, kabla hata kiroba kimoja cha mchele hakijapakiwa. Gari aina ya Noah lenye viti vinane limekadiriwa kilo 440. Likipakia watu 12 wa kilo 65 kila mmoja, limebeba kilo 780. Kuongeza upepo hakuondoi kosa hilo. Breki, ekseli na springi hubaki zilezile, na umbali wa kusimama huongezeka.

Namna ya kupanga mzigo huamua nani ataumia. Vitu vizito vikae chini, vikiegemea mgongo wa kiti cha nyuma, na vifungwe. Keria si ghala: mzigo mzito juu ya paa huinua kitovu cha uzito, na gari huwa jepesi kupinduka katika kona. Kitu kisichofungwa ndani ya gari hugeuka kombora. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likisimamishwa ghafla na ukuta ndani ya nusu mita, debe la mahindi la kilo 18 husukuma mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 350. Shingo ya aliyeketi mbele yake haikuumbwa kuhimili hilo. Kwa hesabu hiyohiyo, mtoto mchanga wa kilo 10 aliyepakatwa huvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 200. Hakuna mama, hata awe na mapenzi kiasi gani, mwenye mikono ya kuushika uzito huo.

Watakuwapo wasemao kwamba ajali ni mipango ya Mungu. Imani hiyo yastahili heshima inapomfariji mfiwa. Haistahili kutumiwa na mwenye gari kama kisingizio. Mcha Mungu humpeleka mtoto wake kliniki kupata chanjo, wala haoni kwamba amepingana na Muumba wake. Wengine watasema kuwa umaskini ndio unaolazimisha kujaza abiria na kununua matairi ya mtumba. Hoja hii ni nzito zaidi. Ni kweli kwamba dereva wa daladala anayedaiwa hesabu na tajiri wake kila jioni hawezi peke yake kuacha abiria kituoni. Ndiyo maana lawama isiishie kwake. Tajiri anayepanga hesabu ndiye anayepanga pia idadi ya abiria, na sheria inapaswa kumfikia yeye kama inavyomfikia dereva. Lakini upepo haumo katika hoja ya umaskini. Geji ya mkononi ni bei ndogo kuliko tairi moja la mtumba, na tairi lenye upepo sahihi hudumu zaidi na kupunguza ulaji wa mafuta.

Yapo mambo matatu yanayoweza kuanza bila kungoja bajeti ya mtu. Kwanza, fundi pancha wa mtaani atambuliwe kuwa na nafasi inayofanana na ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Yeye ndiye anayeliona tairi mara nyingi kuliko mkaguzi yeyote. Apewe geji iliyo sahihi na afundishwe kusoma kibandiko, na mteja azoee kumuuliza, "Ni ngapi?" badala ya "Imejaa?" Pili, kamati za wazazi katika kila shule yenye gari ziwe na daftari la kuandika upepo wa kila tairi na idadi ya watoto waliopanda, na mzazi yeyote awe na haki ya kulifungua. Tatu, hospitali zenyewe zijirekebishe. Faili la majeruhi hueleza kwa ufasaha mfupa upi umevunjika, lakini ni nadra kueleza kama tairi lilipasuka, mgonjwa alikaa wapi, alifunga mkanda au la, na gari lilibeba watu wangapi. Bila maswali hayo manne, taaluma ya tiba itaendelea kuwafunga plasta wagonjwa walewale wa barabara zilezile bila kujua kinachowaleta.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika barabara, ufa huo una ukubwa wa psi nane ambazo jicho halizioni, na ukuta wake hujengwa makaburini. Desemba itakapofika tena Kwa Mrombo, dereva aliyesimama kando ya gari lake alfajiri aweza kutumia dakika tano kupima matairi manne na lile la akiba, kushusha kiroba kimoja kutoka kwenye keria, na kumkatia tiketi ya basi yule abiria wa sita. Abiria huyo huenda akanung'unika. Lakini atafika Rombo, na wenzake watano watamkuta huko.