Namba Iliyosingiziwa Utasa

Wiki hii kijiweni tuna kesi ya kusingiziwa utasa. Msianze kunyoosha shingo mkiuliza ni dada wa mtaa gani. Aliyesingiziwa ni namba!

Shule ya msingi tulifundishwa namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. 7 ni tasa, 13 ni tasa. 21 si tasa, ina watoto wawili, 3 na 7. Tuko pamoja?

Sasa chukua 2, zidisha kwa 2, tena kwa 2, hadi mbili zitimie 67. Halafu toa 1. Unabaki na jitu hili: 147,573,952,589,676,412,927. Tarakimu 21 bwana!

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, akaandika kitabuni eti jitu hilo ni tasa. Ushahidi? Hakutoa. Lakini mzee alikuwa na jina kubwa kwa wasomi wa Ulaya, na jina la utasa likishabandikwa, kulibandua kazi.

Ilipofika 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akaipima. Jibu: si tasa. Ila kipimo chake kilikuwa kama kile cha mimba. Kinakwambia mtoto yupo, sura hakionyeshi. Watoto wenyewe wako wapi?

Oktoba 1903, New York, Chama cha Wanahisabati cha Marekani kina kikao. Anasimama Profesa Frank Nelson Cole. Inasimuliwa kwamba hakufungua mdomo. Alishika chaki, akalikokotoa lile jitu upande mmoja wa ubao. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, mstari kwa mstari. Majibu yakalingana! Akarudi kukaa kimya kimya, watu wakapiga makofi. Inasemekana alipoulizwa kazi hiyo ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Kama unabisha, chukua daftari na kalamu uzidishe mwenyewe. Jioni moja inatosha. Kuwatafuta hao wawili bila kompyuta ndiko kulikokuwa kasheshe.

Mimi nawavulia kofia hawa jamaa. Lucas alipima, Cole akaonyesha. Kwetu uswahilini je? Dada akimaliza miaka miwili kwenye ndoa hajapata mtoto, mawifi wameshampa jina. Hakuna aliyekwenda naye hospitali. Kaka yao ndiyo kabisa, haguswi, wakati daktari yeyote atawaambia tatizo laweza kuwa la mke, la mume, au la wote wawili.

Namba haina moyo wala haisikii umbea bombani, ikangoja miaka 259 watoto wake watajwe. Huyu dada analala na lile jina kila usiku. Jamani mawifi, kipimo kwanza, tena cha wote wawili. Maneno mtayakuta.

Tukutane wiki ijayo, Mola akipenda.